Pawa Iliyopimwa kwa Mizani ya Nyama

Mnaniuliza kadi gani ya picha ya kompyuta ni nzuri. Kila wiki mmoja wenu huniuliza, na kila wiki nami humjibu kwa swali: nzuri kwa kazi gani? Huitazama simu yake kana kwamba jibu limejificha humo, kisha hunionyesha kadi yenye feni tatu na taa za zambarau, na kuniambia ati hiyo ndiyo watu wanasema ni moto. Watu gani? Hajui. Moto wa kupikia nini? Hajui. Kompyuta yenyewe anaandikia barua za kuomba kazi, lakini anataka kuifunga injini ya lori.

Na pawa je, hilo sanduku linaloilisha kompyuta umeme? Hapo ndipo ninapotaka kulia. Mtu anaweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya kadi, halafu pawa anaokota yoyote iliyobaki dukani, kama bwana harusi aliyeshona suti akasahau viatu.

Nilitengeneza kompyuta mjini Nyeri tangu siku ambazo skrini moja ilibebwa na watu wawili, hadi macho yangu yalipoanza kuona skrubu moja kama mbili. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Upumbavu wa wateja ungenipa kazi miaka mingine ishirini. Kwa hiyo kaeni, niwaambie mambo machache, na msinikatize na hizo video zenu.

Aliyenifundisha ni Fundi Athumani wa mtaa wa Majengo. Alizaliwa hapa hapa Nyeri, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi wa mashambani, na Kikuyu chake pia. Alikuwa fundi wa redio. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini alizifungua bila woga, akanusa ndani, akasema, "Ni redio isiyojua kuimba." Mimi nilikuwa nikiuza vocha za mtihani wa uchapaji katika chuo kimoja cha jirani, na nilipoona mashine za chuo zinakufa na mwenye chuo analia, nikaenda kwa Athumani kumwomba anifundishe.

"Wewe una mtoto mgongoni," akaniambia.

"Mtoto hashiki bisibisi, Mzee. Ni mimi nitashika."

Akacheka, akanipa kigoda. Mtoto huyo ni Wacera, na ndiyo maana mji mzima ulikuja kuniita Mama Wacera, hata watu wasiomjua Wacera.

Kosa langu la kwanza mlisikie kutoka kwangu, maana wapo watakaowasimulia vibaya. Pawa za siku hizo zilitoa plagi mbili za kuingia kwenye madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Plagi zilifanana kama mapacha, zilikaa bega kwa bega, na ukizibadilisha zilikubali kuingia bila malalamiko. Kanuni ilikuwa moja: nyaya nyeusi zikutane katikati. Nyeusi kwa nyeusi. Nilikuwa nimeambiwa mara tatu. Siku hiyo nikawa napiga domo na mteja kuhusu bei ya kahawa, nikachomeka, nikawasha. Hakukuwa na kishindo. Moshi mwembamba tu, mweupe, ulipanda taratibu kama mvuke wa chai.

Athumani hakunigombeza. Alisema, "Umeua mnyama wa watu. Nenda ukawaambie wenyewe."

Nikaenda. Tangu hapo, mkono wangu ukiwa ndani ya kompyuta, mdomo wangu hufungwa.

Hata hivyo nilikuwa afadhali kuliko mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Kiriaini. Shule ilipewa kompyuta na wafadhili wa Marekani, na nyuma ya pawa za kule palikuwa na swichi ndogo nyekundu: upande mmoja volti mia moja na kumi na tano, upande mwingine mia mbili na thelathini. Umeme wetu ni wa mia mbili na arobaini, na swichi za Marekani huja zimewekwa kwenye mia moja na kumi na tano. Nikampigia simu nikamwambia asiguse kitu, nakuja. Lakini wazazi walikuwa wamekusanyika, pasta amefika, na mwalimu mkuu hakutaka kuonekana anamngoja mwanamke. Pasta akaomba. Kabla ya amina, mwalimu akawasha.

Nilipofika aliniambia, "Mama, hii kitu imepiga risasi."

"Haijapiga risasi, Mwalimu. Imepigwa."

Swichi ya kusukuma kwa ukucha. Kwa ukucha! Na mnadhani ninyi mmeendelea kwa sababu pawa za leo hujichagulia volti zenyewe. Hamkuendelea. Mtambo ndio umejifunza kutowaamini.

Sasa nije kwa Njogu, maana yeye ndiye mwalimu wenu wa kweli, hata kama hakupenda.

Njogu alikuwa mchoraji wa majengo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na alivaa kalamu tatu mfukoni hata baada ya kununua kompyuta ya kuchorea. Alikuwa na mkono mzuri, sikatai. Mstari wake ulikuwa na upole fulani. Ukitazama ngazi alizochora, miguu ilitaka kupanda. Lakini alikuwa na majivuno ya mtu mwenye mkono mzuri, na alikuwa na adui. Adui aliitwa Muriithi, mchoraji wa Karatina. Wawili hao walisoma pamoja, wakagombania kazi zile zile, na kila mmoja aliamini mwenzake ni mwizi wa michoro. Njogu alipoagiza kompyuta kutoka kwa mwagizaji mmoja wa Nairobi, Muriithi alisikia, na wiki hiyo hiyo akaagiza ile ile.

Mwaka huo kanisa moja lilimpa Njogu kazi kubwa kuliko zote: wodi ya akina mama kujifungulia. Kamati ingekutana Alhamisi kuangalia michoro pamoja na wafadhili. Wakiikubali, ujenzi ungeanza kabla ya mvua ndefu. Wakiikataa au ikichelewa, Muriithi alikuwa anasubiri na mchoro wake, na wafadhili walikuwa na ndege ya kupanda. Hapakuwa na Alhamisi ya pili.

Shida ya Njogu ilikuwa mwendo. Kila alipousogeza mchoro kwenye skrini, kompyuta iliuchora upya mstari kwa mstari, naye akakaa anasubiri. Kadi yake ya picha ilikuwa ndogo na dhaifu. Alichohitaji ni kadi ya kawaida yenye kumbukumbu kubwa kidogo, ya kuchora mistari haraka. Nilimwambia hivyo, nikamwandikia kwenye karatasi. Akaitia karatasi mfukoni nyuma ya zile kalamu tatu, akaenda Nairobi, akarudi na boksi kubwa lenye picha ya askari mwenye upanga wa moto.

"Hii ndiyo ya kisasa, Mama Wacera. Iko na nguvu ya mbili za ile uliandika."

Nililisoma lile boksi mbele na nyuma. Ilikuwa kadi ya michezo. Na si kadi kamili hata. Zile za kwanza za aina hiyo zilikaa kando ya kadi ya zamani, zikaunganishwa nayo kwa waya mfupi, na ziliamka tu ukifungua mchezo wa kupigana. Kwenye mistari ya Njogu ingelala usingizi mnono. Ubaya zaidi, picha yote ingepita ndani ya ule waya mfupi, na ingefika kwenye skrini imefifia.

"Njogu, hii haijui mstari. Inajua majini ya michezo."

"Wewe unaongea hivyo juu ya vile hukuiuza wewe."

"Wodi yako iko na askari wa upanga?"

"Weka tu, Mama. Mimi ni mteja."

Nikaiweka. Siku hizo nilifurahia mteja akijikwaa; nilikuwa na ulimi, na mji ulipenda ulimi wangu. Kadi ikalala kama nilivyosema. Mistari ikafifia kama nilivyosema. Njogu akakodoa macho kwenye skrini akasema ati inaonekana vizuri zaidi.

Lakini nilipofungua kifuniko niliona pawa yake imechoka: feni inakoroma, kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa. Nikamwambia hiyo ndiyo ya kubadilisha kwanza. Kwa kuwa hela zilikuwa zimeishia kwa yule askari, Njogu aliipata nyingine kwa mchuuzi mmoja wa mji wa Kenol, mpya, imefungwa kwa nailoni, imeandikwa wati mia mbili na hamsini kwa herufi za dhahabu.

Sasa, sisi mafundi wa Nyeri tulikuwa na desturi yetu. Maandishi ya pawa ni ya uongo, kila fundi anajua; mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuandika wati anazopenda. Lakini shaba haidanganyi, na chuma hakidanganyi. Pawa nzuri ina transfoma kubwa na vipande vinene vya kupozea, kwa hiyo ni nzito. Ya uongo ni nyepesi kama mandazi. Athumani alizipima kwa kiganja. Mimi nilikuwa na kibanda karibu na bucha ya Kamande, nikaanza kuzipima kwa mizani yake, mbele ya watu. Chini ya kilo moja, tupa. Ikawa maonyesho. Watu waliokuja kununua matumbo walisimama kutazama.

"Leo ni steki ama mifupa?" Kamande akauliza nilipoingia na pawa ya Njogu.

"Pima tu, wacha mdomo."

Akaiweka kwenye sahani, mshale ukapanda. Kilo moja na nusu.

"Kai! Hii ni ng'ombe ya grade," akasema Kamande, na watu wakacheka.

Nami nikamgeukia Njogu mbele ya wote, nikasema kwa sauti, "Angalau umenunua kitu kimoja kama mtu mwenye akili."

Sikuifungua. Kulikuwa na skrubu nne tu. Niliifunga kwenye kompyuta, nyeusi kwa nyeusi, mdomo umefungwa, kila kitu kwa adabu, nikaenda zangu.

Jumatatu mvua ilinyesha, umeme ukapotea ukarudi, ukapotea ukarudi, kama ilivyo kawaida yake. Kompyuta za mji mzima zilizimika na kuwaka. Ya Njogu ilizimika ikatoa harufu. Alikuja kibandani mbio bila koti.

"Mama Wacera, imekufa. Michoro iko ndani."

"Nakala ziko wapi?"

Akazishika zile kalamu tatu mfukoni.

"Njogu. Nakala."

"Sikuweka. Diski ndogo mtu anaweza kuitia mfukoni. Muriithi ako na watu wake hapa mjini."

Nilipanda zile ngazi nikafungua kompyuta. Madabodi ilikuwa imeungua. Diski kuu, yenye mchoro wa wodi na kazi zake zote, haikuzunguka; ule ubao mdogo wa umeme ulio chini yake ulikuwa na shimo jeusi kama jicho la kiazi. Ndipo nikazifungua zile skrubu nne za pawa.

Ndani mlikuwa na transfoma ya ukubwa wa njugu, kapasita mbili za redio ya mtoto, na pembeni, limegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi, bonge la saruji.

Wachuuzi walikuwa wamesikia kwamba mafundi wa mlimani wanapima. Wakatutengenezea kilo.

Hapo nikakumbuka maneno ya Athumani kwa ukamilifu wake, kwa maana miaka yote nilikuwa nimebeba nusu yake tu. Alisema, "Uzito hukuambia cha kukataa. Haukuambii cha kukubali. Cha kukubali, fungua utazame." Nusu ya kwanza ilinifaa kwa maonyesho. Nusu ya pili ilihitaji dakika tano na bisibisi, na haikuwa na watazamaji.

Nilimwambia Njogu. Nilimwonyesha lile bonge. Nilitegemea matusi, na ningeyastahili. Aliketi kwenye kiti chake cha kuchorea akalishika bonge kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo uliipima saruji," akasema.

"Niliipima saruji."

"Na mimi nikanunua majini."

Nje mvua ilikuwa imekatika na mlima ulikuwa umejitokeza, mweupe juu, hauna habari na sisi.

Sahani za ndani ya diski zilikuwa nzima. Kilichokufa ni ule ubao wa chini. Ukipata diski pacha, ya aina ile ile na namba zile zile, unaweza kuuvua ubao wake, ukaufunga kwenye iliyokufa, na ikafufuka muda wa kutosha kutoa vitu vyako. Lakini pacha wa kweli. Binamu hafai. Nilishinda Jumanne nzima kwenye simu. Fundi wa Sagana alikuwa na binamu. Mwagizaji wa Nairobi alisema mzigo ule uliisha zamani, kisha akafungua kitabu chake akanisomea waliochukua mashine za namna ile. Upande wetu walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Njogu.

Nilipomtajia wa pili, Njogu alisimama.

"Aca, hapana. Heri niandike barua kwa kamati niseme nimeshindwa."

"Andika basi. Wodi ataichora yeye."

Jumatano asubuhi tulikuwa Karatina.

Muriithi alikuwa mtu mfupi mwenye sweta ya kufumwa. Alitusikiliza mlangoni, akamtazama Njogu kutoka viatuni hadi kalamuni.

"Ndugu yangu Njogu. Miaka yote ukisema nakuibia. Leo umekuja kunikopa ubongo wa kompyuta."

"Mama Wacera ndiye amekuja," akasema Njogu. "Mimi nimemsindikiza."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa na haki," nikamwambia mimi. "Na nikiharibu diski yako nikiuvua huo ubao, kazi zako zitakuwa hatarini kama zake. Sitakudanganya."

Muriithi akavuta mtoto wa meza, akatoa mkebe wa biskuti, akaufungua. Diski ndogo zilipangwa ndani kwa herufi, kila moja na jina la mteja. "Zangu ziko hapa. Vua."

Nikauvua ubao, nikaufunga kwenye diski ya Njogu, nikaiweka ndani ya kompyuta ya Muriithi. Mashine zilikuwa pacha, isipokuwa Muriithi alikuwa amebadilisha kadi ya picha: ndogo, ya kawaida, bila askari yeyote, ile ile niliyoiandika kwenye karatasi ya Njogu. Nikawasha. Diski ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikaanza kuvuma ule mvumo laini ninaoupenda kuliko kwaya.

Nikanakili mchoro. Njogu akanyoosha mkono kuichukua diski ndogo.

"Bado," nikasema. "Nakala si nakala mpaka ifunguke."

"Itafunguka Nyeri, kwa mashine ya kukopa."

"Na isipofunguka Nyeri? Kesho ni Alhamisi."

Alielewa. Ili tujue kama mchoro umepona, ilibidi ufunguliwe pale pale, kwenye skrini ya Muriithi, mbele ya macho ya Muriithi. Njogu aliutazama ule mkebe wa biskuti. Akapangusa uso kwa kiganja.

"Fungua," akasema. "Wacha aone."

Wodi ikajitokeza yote mara moja, mistari myembamba imekatwa kama kwa wembe. Njogu mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona kazi yake ikiwa safi vile. Nilimwona akiisogelea skrini kama mtu anayemtambua mtoto wake kwenye umati. Muriithi naye alisogea. Alitazama muda mrefu. Nilisubiri tusi.

"Ngazi nzuri," akasema. Kisha akaweka kidole. "Huu mlango wa leba ni wa ngapi?"

"Sentimita themanini."

"Mama atapita. Kitanda kitabaki nje kikiomba."

Nilidhani Njogu atampiga. Akavuta kiti cha adui yake, akaketi, akaupanua mlango hadi mita moja na ishirini, akasogeza ukuta, akasogeza sinki. Muriithi alisimama nyuma yake, mikono ndani ya sweta, akitaja vipimo vya vitanda kwa kichwa. Hakuna aliyemshukuru mwenziwe. Kabla hatujaondoka Njogu aliandika kwenye kona ya mchoro, chini ya jina lake, kwamba umekaguliwa na Muriithi wa Karatina.

"Uandike jina yangu vizuri," akasema Muriithi. "Iko na i mbili katikati."

Kamati iliukubali Alhamisi ile. Ukuta ulisimama kabla ya mvua ndefu.

Miaka ikapita, na Wacera, yule mtoto wa mgongoni, akapelekwa kujifungua katika wodi ile, amepitiliza siku, jasho limemtoka, hawezi hata kukaa. Wauguzi wawili walimsukuma kwenye kitanda, nami nilikuwa nimemshika mkono sikukubali kuuachia. Mmoja akaniambia, "Mama, sogea, tunaingia mlangoni." Sikusogea. Tuliingia pamoja, kitanda na wauguzi na mimi ubavuni, na hakuna aliyegusa fremu.